Leseni ya Udereva Isigeuzwe Rehani ya Mdai

Novemba 24, 1968, katika jimbo la Georgia kusini mwa Marekani, mtoto wa kike wa miaka mitano aliyekuwa juu ya baiskeli aligonga ubavu wa gari lililokuwa likiendeshwa na mchungaji. Mtoto akaumia. Wazazi wake wakapeleka taarifa kwa mamlaka ya jimbo wakidai fidia ya dola 5,000. Mchungaji hakuwa na bima, na kwa sheria ya Georgia ya wakati ule hilo lilitosha kumtia matatani: ama aweke dhamana ya fedha zilizodaiwa, ama alete ushahidi kwamba wamemsamehe, ama leseni yake ya udereva ifungiwe.

Aliomba asikilizwe. Alitaka kueleza kwamba mtoto ndiye aliyeligonga gari, na kwamba ajali ile hakuwa na namna ya kuiepuka. Alieleza pia kwamba anahudumia waumini wa jamii tatu za vijijini, na bila gari hawezi kuwafikia. Ofisa aliyekaa kumsikiliza alikataa kupokea ushahidi wowote kuhusu nani mwenye kosa, kwa sababu sheria yenyewe haikujali kosa. Ilitaka kujua kama gari lako lilikuwamo katika ajali na kama umeweka fedha, basi. Mchungaji akapewa siku 30.

Shauri lake, Bell dhidi ya Burson, lilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu ikatoka Mei 24, 1971. Jaji William Brennan aliandika kwamba leseni ikishatolewa huweza kuwa sehemu ya lazima ya riziki ya mtu, kwa hiyo serikali haiwezi kuinyakua bila kumpa mwenyewe nafasi ya kweli ya kusikilizwa. Kama fidia inategemea kosa, basi kabla ya kufungia leseni ni lazima iangaliwe kwanza kama dereva huyo anaelekea kuonekana na kosa.

Imepita zaidi ya nusu karne tangu siku hiyo. Lakini hadi leo, katika majimbo mengi ya Marekani, mtu binafsi au kampuni inayokudai fedha za ajali ya gari inaweza kuifanya ofisi ya leseni ya jimbo ikuzuie kuendesha mpaka ulipe. Dereva anaweza kuwa mwangalifu kuliko wote wa mtaani kwake, hajalewa, hajakimbiza gari, lakini leseni imefungwa kwa sababu ya deni la madai. Naamini sheria hizi ni kosa, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu jambo lenyewe linawagusa wasomaji wengi wa Kiswahili kuliko wanavyodhani. Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi waliohamia Marekani wanaishi kwa usukani: wanaendesha malori ya masafa marefu, wanabeba abiria kwa programu za simu, au wanatoka nyumba moja hadi nyingine kutunza wazee na wagonjwa.

Deni linavyofika kwenye leseni

Tuanze na mwanzo wa mambo. Miaka ya 1920 magari yalijaa barabarani Marekani kabla sheria za bima hazijakomaa. Watu waligongwa, wakavunjika miguu, wakafa, na aliyewagonga akawa hana kitu cha kulipa. Connecticut ilipitisha mwaka 1925 sheria ya kumtaka dereva aliyehusika na ajali aonyeshe uwezo wa kulipa fidia. Massachusetts ikachukua njia nyingine, ikafanya bima kuwa lazima kuanzia 1927. Majimbo mengi yalifuata kwanza njia ya Connecticut, na hapo ndipo leseni ilipofungwa kamba na deni. Hata baada ya bima kuwa ya lazima karibu kila mahali (New Hampshire peke yake hadi leo haimlazimishi kila dereva kuwa nayo), sheria zile za zamani hazikufutwa. Ziliachwa vitabuni, na zinafanya kazi.

Siku hizi mambo huenda hivi. Umegonga gari la mtu, bima yako imekatika mwezi uliopita kwa sababu hukuilipia. Mwenye gari ana bima kubwa, kampuni yake inamlipa matengenezo na hospitali, na mambo yake yanaisha. Kisha kampuni hiyo ya bima, ikisimama mahali pa mteja wake, inakufungulia wewe kesi ya madai. Samansi inaletwa kwenye anwani uliyohama. Hufiki mahakamani, hukumu inatolewa upande mmoja. Zikipita siku 30 au 60, kutegemea jimbo, bila hukumu kulipwa, karatasi inapelekwa ofisi ya leseni na barua inatumwa kwenye anwani ile ile ya zamani. Unakuja kujua siku askari anapokusimamisha kwa taa ya nyuma iliyoungua.

Katika mlolongo huo wote, aliyeumia ameshalipwa. Anayedai sasa ni shirika la bima, na chombo kinacholisaidia kudai ni serikali. Kufungiwa huko kwa kawaida hakuna tarehe ya mwisho, kunadumu kadiri hukumu inavyodumu, na hukumu za madai huko huishi miaka mingi na katika majimbo kadhaa huweza kuhuishwa zikikaribia kufa. Mlevi aliyekamatwa akiendesha anajua siku leseni yake itakaporudi. Mwenye deni hajui.

Mtetezi wa sheria hizi atasema nia yake ni usalama wa barabarani, kuwaondoa madereva wazembe wasiojali wenzao. Kwa miaka 30 Mahakama ya Juu yenyewe ilisema hivyo. Mwaka 1941, katika shauri la Reitz dhidi ya Mealey lililotoka New York, na tena mwaka 1962 katika shauri la Kesler lililotoka Utah, majaji wengi walikubali kwamba jimbo linaweza kuendelea kumfungia leseni hata mtu aliyetangazwa mfilisi na kufutiwa deni lenyewe, kwa kuwa eti lengo ni usalama na wala si kukusanya deni.

Kisha likaja shauri la Perez dhidi ya Campbell. Julai 1965, mjini Tucson, Arizona, Perez alipata ajali akiwa hana bima. Alishtakiwa, akakubali hukumu ya dola 2,425 na senti 98 pamoja na gharama za kesi, na siku chache baadaye akafungua maombi ya ufilisi kwa sababu hakuwa na uwezo wa kulipa. Mahakama ya ufilisi ikamfutia deni. Arizona haikujali. Sheria yake ilisema waziwazi kwamba kufutiwa deni kwa ufilisi hakumwondolei mtu adhabu ya leseni. Perez akafungiwa.

Juni 1, 1971, wiki moja tu baada ya hukumu ya mchungaji wa Georgia, Mahakama ya Juu ilisema Arizona imekosea, na majaji watano kati ya tisa wakatupilia mbali msimamo wa 1941 na 1962. Jaji Byron White aliichambua sheria ya Arizona kifungu kwa kifungu na kuonyesha kwamba kazi yake halisi ni kumpa mdai nguvu ya kukusanya fedha zake. Sheria ya shirikisho imemwambia mfilisi aanze upya, na jimbo haliwezi kumwambia hapana.

Na ushahidi ulikuwa ndani ya sheria zenyewe. Sheria nyingi za namna hii zina kifungu kinachosema kwamba mdai akikubali kwa maandishi, mdaiwa anaweza kurudishiwa leseni hata kama hajalipa. Kifungu hicho ndicho kinachonifanya nisiiamini hoja ya usalama hata kidogo. Kama dereva huyu ni hatari kwa watoto wanaovuka barabara, ridhaa ya kampuni ya bima itamfanyaje awe salama? Na kama ridhaa hiyo inatosha kumrudisha barabarani, basi hakuwa hatari tangu mwanzo, na leseni yake iliwekwa rehani mkononi mwa mtu binafsi kwa muhuri wa serikali.

Mwaka 1978 Bunge la Marekani liliingiza msimamo wa Perez katika sheria mpya ya ufilisi, kifungu cha 525, kinachokataza vyombo vya serikali kumnyima mtu leseni kwa sababu tu hakulipa deni lililofutwa. Lakini kinga hiyo inamfikia aliyefungua ufilisi peke yake. Kufilisika kuna gharama ya wakili na ya mahakama, kunaharibu rekodi ya mkopaji kwa miaka, na maskini wengi hawajui hata kama mlango huo upo. Aliyebaki nje ya ufilisi akiwa na hukumu isiyolipwa yuko pale pale alipokuwa Perez kabla ya kufutiwa deni.

Kumnyang'anya mtu chombo cha kulipia

Sheria ya Marekani ina njia nyingi za kumlipa mdai, na baadhi yake zimepangwa kwa busara. Majimbo mengi yanaruhusu mdai mwenye hukumu kukata mshahara wa mdaiwa kupitia kwa mwajiri, lakini sheria ya shirikisho ya 1968 imeweka mpaka: isizidi asilimia 25 ya mshahara baada ya makato ya lazima, na kiasi kinacholingana na mara 30 ya kima cha chini cha mshahara kwa saa kisiguswe kila wiki. Kwa kima cha shirikisho cha dola 7.25, ambacho hakijabadilika tangu 2009, hiyo ni dola 217 na senti 50 kwa wiki. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kazi kwa sababu mshahara wake umekatwa kwa deni moja. Waliotunga sheria hii walielewa kwamba mdaiwa asiye na kazi halipi, kwa hiyo kazi yake lazima ilindwe, na mdai ndiye wa kwanza kufaidika na ulinzi huo.

Sheria za ufilisi nazo zinamwachia mdaiwa gari lake, mradi thamani yake isizidi kiwango kilichowekwa, pamoja na vifaa vya kazi yake. Fundi anabaki na misumeno yake. Sasa weka haya pamoja: sheria moja inalinda kazi ya mdaiwa, nyingine inalinda gari lake, halafu ya tatu inachukua karatasi inayomruhusu kuliendesha gari hilo kwenda kwenye kazi hiyo. Gari limeegeshwa uani, bosi anasubiri, na mdai hapati hata senti, kwa kuwa leseni haiuzwi mnadani.

Wazo la kulinda chombo cha riziki ni la kale sana. Torati ya Musa ilikataza mtu kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu jiwe hilo ndilo chakula cha nyumba. Uislamu unaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi. Na sheria zetu za Tanzania na Kenya, zilizorithiwa kutoka India ya wakoloni, zinasema kitu kile kile kwa lugha ya mahakama. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania, kifungu cha 48, na ile ya Kenya, kifungu cha 44, zinamzuia dalali wa mahakama kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na vifaa vya fundi wakati wa kukazia hukumu. Cherehani ya fundi nguo haipigwi mnada ili kulipa deni la fundi nguo.

Najua msomaji atanikumbusha kwamba sheria zetu hizo hizo zinaruhusu mdaiwa kupelekwa gereza la madai hadi miezi sita, jambo zito kuliko kupoteza leseni. Ni kweli, na silitetei. Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2010 na 2012 ililazimika kulipima jambo hilo dhidi ya mkataba wa kimataifa unaokataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Lakini hata katika ukali ule kuna breki mbili. Kwanza, mdaiwa huitwa aeleze kwa nini asifungwe, na mahakama hutazama kama ana uwezo na amekataa, au hana. Pili, mdai mwenyewe ndiye anayetoa fedha za posho ya mdaiwa akiwa gerezani, na akiacha kuzitoa, mdaiwa anaachiwa. Mdai anayejua kwamba jirani yake hana kitu hujifikiria mara mbili kabla ya kulipia chakula chake cha miezi sita. Kufungia leseni hakumgharimu mdai zaidi ya karatasi na stempu, na kwa kuwa hakumgharimu, hana sababu ya kupima kama kutamletea chochote.

Bila gari huko Marekani

Msomaji aliyezoea daladala, matatu na bodaboda huenda akajiuliza kwa nini mtu asipande basi tu. Zaidi ya robo tatu ya wafanyakazi wa Marekani huenda kazini kwa gari binafsi. Nje ya miji michache kama New York, makazi yametawanyika, maghala na viwanda vimejengwa kando ya barabara kuu mbali na nyumba za watu, na basi, kama lipo, hupita mara moja kwa saa na kulala saa za jioni. Zamu ya ghala inayoanza saa kumi na moja alfajiri haingoji basi la saa moja. Matangazo mengi ya kazi huweka leseni hai kuwa sharti hata pale ambapo kazi yenyewe si ya udereva.

Mwaka 2006 kikosi kazi kilichoundwa New Jersey kuchunguza mfumo wa leseni kiliwauliza madereva waliowahi kufungiwa. Asilimia 42 walisema walipoteza kazi baada ya kufungiwa. Karibu nusu ya hao hawakupata kazi nyingine kipindi chote walichokuwa bila leseni, na katika waliopata, asilimia 88 walisema kipato kimeshuka. Utafiti huo uliangalia kufungiwa kwa sababu za kila aina, lakini kwa mwenye deni matokeo haya yana ukatili wa pekee, maana adhabu aliyopewa ili alipe ndiyo inayomwondolea uwezo wa kulipa.

Kwa hiyo watu wanaendesha hivyo hivyo. Kuna mtoto wa kupeleka shule, mama wa kupeleka kliniki, kodi ya nyumba inayofika tarehe moja. Kuendesha ukiwa umefungiwa ni kosa la jinai katika majimbo mengi. Trafiki anakukamata, gari linavutwa na kutozwa ada ya kila siku, mahakama inakutoza faini juu ya deni la awali, kisha ofisi ya leseni inataka ada ya kurudishiwa leseni. Shauri lililoanza kama dai la fedha baina ya watu wawili limekuwa faili la polisi. Kwa mhamiaji ambaye bado si raia, rekodi ya jinai ya namna hiyo inaweza kumfuata hadi kwenye maombi yake ya uhamiaji. Dereva wa lori naye hana hata nafasi ya kujificha: haki yake ya kuendesha ikifungiwa, leseni yake ya biashara haifanyi kazi, na mwajiri lazima ajulishwe.

Maofisa wa leseni wenyewe wamechoka. Chama cha wakuu wa mamlaka za magari cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2013 kikishauri majimbo yaache kufungia leseni kwa mambo yasiyohusu uendeshaji. Chama hicho kilionyesha kwamba kufikia 2006 asilimia 39 ya madereva waliofungiwa walikuwa wamefungiwa kwa sababu zisizo za usalama wa barabarani, kutoka asilimia 29 mwaka 2002. Askari na makarani wanatumia saa zao kwa wadaiwa badala ya walevi na wakimbizaji. Na kuna hasara nyingine: kadiri wanavyofungiwa wengi kwa sababu za fedha, ndivyo kufungiwa kunavyopoteza uzito kwa yule ambaye kweli angeweza kuua mtu.

Mabadiliko yamekuja zaidi upande wa madeni ya serikali. California iliacha kufungia leseni kwa faini zisizolipwa mwaka 2017, Texas ikafuta mwaka 2019 mpango wake wa ada za ziada kwa madereva, na Illinois mwaka 2020 ikaacha kufungia kwa tiketi za maegesho. Montana mwaka 2015 na Iowa mwaka 2019 ziliacha kuchukua leseni za watu walioshindwa kulipa mikopo ya masomo. Wanaharakati walipiga kelele kuhusu faini, na walikuwa na haki. Lakini deni la mtu binafsi lilisahauliwa nyuma, wakati ndilo lenye hoja dhaifu zaidi. Serikali inayodai faini angalau inadai chake. Hapa inatumia mamlaka yake kudai cha mwingine.

Deni la matunzo ya mtoto

Kuna deni moja ambalo linanipa taabu. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliyalazimisha majimbo yote kuwa na utaratibu wa kufungia leseni, ya udereva na hata ya taaluma, kwa wazazi wenye malimbikizo ya matunzo ya watoto. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2000, iliwapa mahakimu uwezo wa kumzuia mzazi wa namna hiyo kuendesha kwa hadi miaka miwili. Aliyenyimwa hapa ni mtoto, ambaye hakumkopesha mtu wala hakuchagua mdaiwa wake. Kila mtaa una baba anayejiajiri, anayeficha kipato, anayeandikisha gari kwa jina la kaka yake, na ambaye mshahara wake hauwezi kukatwa kwa kuwa hana mwajiri. Kwa mtu kama huyo, tishio la leseni linaweza kumfanya alipe kesho yake asubuhi. Sina moyo wa kumwambia mama anayelea peke yake kwamba silaha hiyo ifutwe kabisa.

Ninachoweza kusema ni kwamba ielekezwe kwa anayestahili. Nchi nyingine zimejaribu kuandika tofauti hiyo ndani ya sheria. Urusi, tangu Januari 15, 2016, inawaruhusu wakazaji hukumu kumzuia kuendesha mdaiwa wa matunzo, wa fidia ya madhara au wa faini za barabarani, deni likizidi ruble 10,000. Lakini sheria imeweka vizuizi: haimgusi mtu ambaye udereva ndio riziki yake kuu, wala anayeishi mahali ambako gari ndilo njia pekee ya usafiri, wala mwenye ulemavu anayelitegemea gari, au anayemtunza mtu wa namna hiyo. Israeli inakwenda mbali zaidi kwa upande wa madeni ya kawaida, kwa kuwa msajili wa ofisi ya ukazaji hukumu anaweza kumwekea mdaiwa mkwepaji zuio la leseni, la pasipoti na la kadi za benki. Hata hivyo, sheria yake inamtaka msajili asiichukue leseni ikiwa kufanya hivyo kutaharibu riziki ya mdaiwa au uwezo wake wa kulipa, au kama inahitajika kwa sababu ya ulemavu. Mifumo hii ina kasoro zake, na siipigii debe, lakini inajua kuuliza swali ambalo sheria ya Georgia haikulijali: riziki ya mdaiwa itakuwaje? Katika majimbo mengi ya Marekani, mdaiwa wa hukumu ya ajali haulizwi kama ana uwezo kabla leseni haijafungwa. Akitaka kuulizwa, aombe mwenyewe.

Aliyegongwa naye ana haki, na hii isipotee. Mtu aliyevunjwa mguu na gari lisilo na bima amekosewa mara mbili, na hatafarijika na hotuba kuhusu maskini. Bima ya kujikinga na madereva wasio na bima inauzwa Marekani na katika majimbo kadhaa ni ya lazima. Kuipanua hiyo kungemfikishia majeruhi fedha mkononi. Kumkata mdaiwa mshahara kwa awamu kungemfikishia pia. Kumfungia leseni mtu asiye na kitu hakumfikishii kitu chochote.

Huku kwetu leseni bado haijafungwa kamba na deni la mtu binafsi, lakini fikra yenyewe tunaijua. Wakopeshaji wa kausha damu, wale wa riba kubwa, hushika kadi ya ATM ya mwalimu ili mshahara ukiingia wautangulie. Kenya kwa miaka mingi kijana aliyetafuta kazi, hasa serikalini, alitakiwa alete vyeti vya kutodaiwa, kimoja cha mikopo ya elimu ya juu na kingine cha taarifa za mikopo, kabla hata ya kujua kama atapata kazi. Asiye na kazi angelipa nini? Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa, mwajiri asidai vyeti hivyo ila pale anapokusudia kumwajiri mtu. Tanzania, bodi ya mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu aliyeajiriwa. Wahitimu wengi wanalalamika kwamba ni kubwa, nami naona wana hoja, lakini angalau makato hayo yanaanza pale penye mshahara.

Kwa msomaji wetu aliyeko Dallas, Minneapolis au Columbus, na ndugu anayemjali, mambo machache ya kufanya. Ukihama, badilisha anwani kwenye ofisi ya leseni mapema, kwa sababu huko ndiko barua hutumwa. Samansi ya madai usiitupe hata kama unajua huna fedha, kwani hukumu ya upande mmoja hukunyima nafasi ya kupinga kiasi kinachodaiwa, na mara nyingi kiasi hicho hupingika. Kama bima yako ilikuwa hai siku ya ajali, peleka ushahidi wake haraka, maana hilo kwa kawaida hukuondoa kabisa kwenye sheria hizi. Kama hukumu imeshatoka, majimbo mengi yanaruhusu kulipa kwa awamu, na leseni hubaki hai maadamu hukosi kulipa. Mashirika ya msaada wa sheria husaidia kuandika ombi hilo bila malipo kwa wenye kipato kidogo. Ombi linapelekwa kwenye mahakama iliyotoa hukumu, na lifike kabla tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya kufungiwa haijapita, kwa sababu ikipita utalazimika kulipia pia ada ya kurudishiwa leseni.